Kitanda Hakizai Haramu: Cheo cha Uskoti Kilichohamishwa na Vinasaba

Swali lililofikishwa mbele ya majaji saba mjini London mwaka 2016 lilikuwa fupi kuliko majalada yaliyolibeba: mtoto aliyezaliwa tarehe 13 Mei 1903, takriban miezi saba baada ya ndoa ya wazazi wake, alikuwa mwana wa mume wa mama yake au wa mtu mwingine? Mume huyo alikufa mwaka 1919, na mtoto mwenyewe alifariki mwaka 1961 akiwa ameheshimiwa kwa zaidi ya miaka 40 kama mrithi halali wa cheo cha ukoo. Hata hivyo jibu lilihitajika, kwa kuwa juu yake ndipo ilipokaa haki ya mtu mmoja na si mwingine kuitwa "Sir" na kuandikwa katika daftari rasmi la mabaroneti.

Baroneti ni cheo cha kurithi kilicho chini ya kile cha baroni. Mwenye nacho haingii bungeni kwa sababu yake, hapewi ardhi wala posho, na hana amri juu ya mtu yeyote. Kinachorithiwa ni jina la heshima na nafasi katika orodha. Ndiyo maana kesi ya baroneti wa Stichill, kijiji cha kusini mwa Uskoti, inafaa kutazamwa kwa makini na hata wasiojali vyeo vya Kiingereza: pakiondolewa mali na madaraka, panabaki suala la nasaba peke yake, nalo ni kwamba mtu huthibitishwaje kuwa mtoto wa fulani, na uthibitisho huo unaweza kufunguliwa upya hadi lini.

Chombo kilichoamua kilikuwa Kamati ya Mahakama ya Baraza la Faragha, baraza la kale la washauri wa mfalme wa Uingereza. Wanasheria wa Afrika Mashariki wanalikumbuka jina hilo, kwani enzi za ukoloni ndiko rufaa za mwisho kutoka huku zilikoishia, zikiwamo kesi za mirathi na wakfu za Waislamu wa pwani. Safari hii haikuwa rufaa. Malkia Elizabeth II, ambaye kisheria wakati huo ndiye aliyekuwa chemchemi ya vyeo vyote, aliiomba kamati impe ushauri chini ya sheria ya mwaka 1833.

Cheo cha askari 30

Asili ya vyeo hivi haina utukufu mwingi. Mwaka 1611 Mfalme James I, akiwa na uhaba wa fedha, alianzisha ubaroneti na kuupa bei: aliyeutaka alipaswa kugharimia askari 30 kwa miaka mitatu katika jimbo la Ulster, Ireland, kila askari kwa peni 8 kwa siku, jambo lililofanya jumla ya pauni 1,095. Mwanawe, Charles I, aliupeleka mpango huo Uskoti mwaka 1625, akiufungamanisha na ulowezi wa Nova Scotia, iliyoko Kanada ya leo. Wajukuu wa walionunua wakasahau bei, wakabaki na heshima.

Familia ya Pringle ilipata cheo chake kutoka kwa Charles II tarehe 5 Januari 1683. Hati ya kifalme, yaani maandishi yenye muhuri ambayo kwayo mfalme hutoa cheo na kutaja njia kitakayopita, ilimpa Robert Pringle wa Stichill pamoja na warithi wa kiume wa mwili wake. Maneno hayo machache ndiyo sheria yote ya cheo hicho. Binti hahesabiwi hata akiwa mtoto pekee, na mtoto wa kulea hahesabiwi pia, kwa kuwa sheria za Uingereza za kuasili watoto, ambazo humpa mtoto wa kulea karibu haki zote za mtoto wa kuzaliwa, hazigusi urithi wa vyeo.

Uzito wa maneno ya hati ulionekana wazi hapa Afrika Mashariki. Tarehe 24 Januari 1941 Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, alikutwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi, na aliyeshtakiwa, kisha akaachiwa huru, alikuwa baroneti, Sir Jock Delves Broughton. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya mauaji hayo, lakini kilichofuata kwenye madaftari ya vyeo huelezwa kwa nadra. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Cheo cha Erroll, ambacho ni cha kale cha Uskoti na chaweza kushuka kwa mwanamke, kilikwenda kwa binti yake Diana, aliyekuwa na miaka 15, ilhali cheo chake kingine, ubaroni wa Kilmarnock wa mwaka 1831, ambao hati yake ilitaka mrithi wa kiume, kilikwenda kwa mdogo wake Gilbert. Marehemu alikuwa mmoja na mtoto mmoja, lakini warithi wakawa wawili.

Kanuni ya kitanda

Hati ikisema "warithi wa mwili", mwili wa nani ulizaa nini ni jambo ambalo kwa karne nyingi halikuwa na njia ya kuonekana. Sheria ilijaza pengo hilo kwa dhana, yaani jambo linalochukuliwa kuwa kweli mpaka lipingwe kwa ushahidi: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni mtoto wa mume. Waswahili husema kitanda hakizai haramu, na sheria ya Kiislamu ina kanuni hiyohiyo kwamba mtoto ni wa kitanda. Mahakama za Uingereza zilikwenda mbali zaidi, zikitangaza tangu mwaka 1777, kwa kauli ya Jaji Mansfield, kwamba mume na mke hawaruhusiwi kutoa ushahidi kuwa hawakukutana kimwili, ushahidi huo ukikusudia kumfanya mtoto wao kuwa wa nje ya ndoa.

Kanuni hiyo ilijaribiwa vikali katika familia ya Russell. Christabel, mke wa John Russell, mrithi wa ubaroni wa Ampthill, alijifungua mtoto wa kiume, Geoffrey, mnamo Oktoba 1921. Mumewe alishikilia kwamba ndoa yao haikuwahi kukamilika kwa tendo la ndoa, na madaktari waliomchunguza mama akiwa mjamzito walimkuta angali na dalili za ubikira, ajabu iliyoyapa magazeti ya London kazi kwa miezi mingi. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona mke kuwa na hatia ya uzinzi na mtu asiyejulikana, lakini mwaka 1924 Bunge la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa pia mahakama ya mwisho ya rufaa, lilitengua hukumu hiyo kwa wingi wa jaji mmoja, kwa sababu mume hakupaswa kusikilizwa katika jambo hilo tangu awali. Mwaka 1926 mahakama ilitoa tamko rasmi kwamba Geoffrey ni mtoto halali.

John Russell, aliyerithi ubaroni mwaka 1935, alifariki mwaka 1973 akiwa ameoa tena, na mtoto wa ndoa ya baadaye akadai kuwa yeye ndiye mrithi wa kweli. Kufikia hapo vipimo vya damu vilikuwapo, ingawa si vya vinasaba, na angeweza mtu kudhani kwamba sayansi ingeitwa kutoa neno la mwisho. Kamati ya Haki Maalumu ya Bunge la Malodi, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kuchunguza madai magumu ya vyeo, ilikataa mwaka 1976 kufungua kilichofungwa. Tamko la 1926 lilimfunga kila mtu, na Geoffrey akawa Baroni wa nne wa Ampthill. Waliotoa uamuzi walikiri kwamba huenda ukweli wa kimwili ukawa mwingine, lakini wakaona hadhi ya mtu haiwezi kuning'inizwa maisha yake yote.

*"Mahakama za zamani zilipotafuta baba, hazikutafuta damu, zilitafuta pa kulimalizia shauri."*

Kauli hiyo si kejeli. Mahakama isiyo na kipimo cha damu, ikilazimishwa kuamua nani ni mwana wa nani, ina hiari mbili: kusikiliza uvumi wa wapishi na madereva, au kuishika ndoa na kusimama hapo. Kushika ndoa kulikuwa na dhuluma yake, hasa kwa watoto waliozaliwa kabla ya wazazi kuoana, ambao Uingereza iliwanyima vyeo hata wazazi walipofunga ndoa baadaye, ilhali Uskoti iliwahalalisha.

Ramani iliyowahi kuliko wakati wake

Pale ambapo shaka haikuwa juu ya kitanda bali juu ya mlolongo wa vizazi, ushahidi ulikuwa karatasi: madaftari ya ubatizo na ndoa ya parokia, wosia, maandishi kwenye mawe ya makaburi, Biblia za familia zilizoandikwa tarehe za kuzaliwa kwenye kurasa za mwanzo. Msomaji wa pwani hatashangazwa na hilo, kwa kuwa masharifu wa Lamu na Unguja nao huhifadhi shajara, yaani mti wa nasaba unaoandikwa jina juu ya jina hadi kwa Mtume, na thamani ya shajara hutegemea nani aliinakili na nani aliishuhudia.

Karatasi hughushiwa. Mfano uliobaki mashuhuri ni wa Alexander Humphrys, aliyejiita Earl wa Stirling na kudai, pamoja na cheo, haki juu ya sehemu kubwa ya Kanada, kwa kuwa Earl wa kwanza alikuwa amepewa Nova Scotia na mfalme mwaka 1621. Nasaba yake ilikuwa na kiungo kilichokosekana, na kiungo hicho kikajitokeza kwa namna ya kustaajabisha: ramani ya Kanada iliyochorwa na Mfaransa Guillaume Delisle, yenye tarehe ya 1703, ambayo mgongoni mwake iliandikwa na kubandikwa shuhuda za miaka ya 1706 na 1707 zinazothibitisha kila alichohitaji mdai.

Katika kesi iliyosikilizwa Edinburgh mwaka 1839, waendesha mashtaka waliisoma ramani yenyewe. Chini ya jina la mchoraji palichapwa cheo chake cha mwanajiografia mkuu wa mfalme wa Ufaransa. Delisle alipewa cheo hicho mwaka 1718. Nakala ile, kwa hiyo, ilichapwa baada ya mwaka huo, na shuhuda za mgongoni zilikuwa zimeandikwa juu ya karatasi ambayo ilikuwa bado haijachapwa. Wazee wa baraza waliamua kwamba nyaraka zilikuwa za kughushi, ingawa haikuthibitika kwamba Humphrys mwenyewe ndiye aliyeghushi au alijua. Udanganyifu wa namna hiyo una kasoro moja ya daima, kwamba mghushi hujua anachotaka kuthibitisha lakini hawezi kujua yote yaliyokwisha kuandikwa mahali pengine.

Sampuli ya Sir Steuart

Katika kesi ya Pringle hapakuwa na karatasi ya kughushi. Sir Norman Pringle, baroneti wa nane, alioa mnamo Oktoba 1902, na baada ya mtoto wa Mei 1903, aliyeitwa Norman Hamilton, walizaliwa wana wengine wawili. Baba alipofariki mwaka 1919, mjane wake aliapa mwaka uliofuata kwamba Norman Hamilton ndiye mwana mkubwa na mrithi, na jina likaingizwa katika daftari rasmi, ambalo lilikuwa limeanzishwa kwa amri ya mfalme mwaka 1910 ili kuzuia watu kujipachika ubaroneti. Mwaka 1961 cheo kilishuka kwa mwanawe, Steuart, ofisa wa wanamaji wa kifalme aliyepanda hadi Luteni Jenerali na kamanda mkuu wa kikosi hicho, na ambaye mwaka 1981 alipoteza mguu wa kulia kwa bomu lililotegwa na IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, katika gari lake.

Sampuli ya vinasaba iliyoibua kila kitu aliitoa mwenyewe kwa hiari. Binamu mmoja alikuwa akikusanya sampuli za akina Pringle ili kujua nani anastahili kuwa mkuu wa ukoo mzima, shughuli ambayo Waskoti huichukulia kwa uzito. Kinachopimwa katika utafiti wa aina hiyo ni kromosomu Y, sehemu ya vinasaba ambayo mwanamume huipokea kwa baba yake peke yake na kumpa mwanawe karibu bila mabadiliko, hivi kwamba wanaume wawili wanaokutana kwa babu mmoja wa mwaka 1683, kwa njia ya baba tupu, watakuwa na alama zinazolingana hata kama hawajawahi kuonana.

Binamu, ambaye baba yake alikuwa mtoto wa pili wa Sir Norman, alilingana na mzao wa tawi jingine linalotokana na baroneti wa kwanza. Sir Steuart hakulingana nao. Kwa kuwa matawi mawili ya mbali yalikubaliana, kilichovunjika hakikuwa mbali. Kilikuwa katika tawi la Norman Hamilton. Sir Steuart alifariki mwaka 2013 kabla shauri halijaamuliwa, na watu wawili wakajiandikisha kudai cheo kimoja: mwanawe na yule binamu.

Haki ya damu na haki ya muda

Upande wa mwana wa Sir Steuart haukuwa na njia ya kuibishia maabara, kwa hiyo ulisimama juu ya muda na uadilifu. Cheo kilikuwa kimeshikwa hadharani na tawi hilo tangu 1920. Sir Norman mwenyewe hakumkana mtoto. Ndugu zake hawakulalamika. Na sampuli ilitolewa kwa kazi ya ukoo, si kumvua mtoaji heshima yake. Kuruhusu ushahidi wa namna hiyo, ilidaiwa, kungefungua mlango wa kuvuruga kila familia ambayo babu yake wa zamani alizaliwa katika mashaka.

Binamu alijibu kwa maneno ya hati. Mfalme alisema warithi wa mwili wa Robert Pringle, na mtu asiyetoka katika mwili huo hawi mrithi kwa kukaa muda mrefu. Dhana ya ndoa ipo, lakini tangu sheria za 1969 kwa Uingereza na 1986 kwa Uskoti inaweza kupinduliwa kwa ushahidi unaoelemea upande mmoja tu, pasipo hitaji la kuondoa kila shaka kama katika kesi ya jinai.

Jopo, kwa hukumu ya tarehe 20 Juni 2016 iliyotolewa na Jaji Hodge, lilimpa binamu ushindi. Ushahidi wa vinasaba ulipokewa, na hakuna sheria ya ukomo, yaani sheria inayozuia madai baada ya miaka kadhaa, iliyoonekana kugusa urithi wa ubaroneti. Majaji walitambua kwamba vipimo hivi vinaweza kufufua masuala ya vizazi vilivyopita na kuyumbisha matarajio ya muda mrefu ya familia, lakini wakasema kama sheria inahitajika kuzuia hilo ni jambo la wengine kulitafakari.

*"Shamba Tanzania na Kenya lina ukomo wa miaka 12, ubaroneti wa Stichill haukuwa na ukomo hata baada ya karne."*

Hapo ndipo penye udhaifu wa hukumu hiyo, ambayo kwa herufi ya sheria ni vigumu kuikosoa. Mtu aliyekalia shamba la mwenzake wazi na bila kupingwa kwa miaka 12 hawezi tena kudaiwa shamba hilo katika mahakama za Tanzania au Kenya, wala hakuna anayesema kwamba ukomo huo unageuza uongo kuwa kweli. Unasema tu kwamba watu wanapaswa kuacha kushtakiana. Cheo kisicho na shamba wala mshahara kilistahili ukomo zaidi ya shamba, na wala si chini yake.

Vinasaba vyenyewe havina kosa. Katika shauri la ubaroni wa Moynihan, lililoamuliwa mwaka 1997, baroni wa tatu alikuwa amefia Ufilipino mwaka 1991 baada ya ndoa tano, akaacha watoto wawili wa kiume ambao kila mmoja alidaiwa kuwa mrithi. Mmoja aliondolewa na vipimo, mwingine na talaka iliyopatikana kwa hila na hivyo kuibatilisha ndoa iliyofuata, na cheo kikaenda kwa Colin Moynihan, waziri wa zamani wa michezo, ndugu wa marehemu kwa baba. Wahusika walikuwa hai na urithi ulikuwa umefunguka juzi. Katika hali hiyo kipimo hufanya kazi ileile ambayo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hufanya Tanzania, ambako sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 huelekeza nani aweza kuomba kipimo na kwa sababu gani. Kipimo kinaposhitaki wafu, mtuhumiwa mkuu, ambaye katika kesi ya Pringle alikuwa mama aliyekwishazikwa, hana mdomo wa kujitetea.

Miaka 40 ya Uhispania

Nchi nyingine yenye vyeo vingi imelitazama suala hili kwa jicho jingine. Uhispania ilivifuta vyeo mwaka 1931, ikavirudisha mwaka 1948, na mahakama zake zimejaa kesi za ndugu wanaodai kuwa na haki iliyo bora zaidi. Mwaka 1997 mahakama yake ya katiba ilikubali kwamba kumtanguliza mwanamume hakuvunji katiba, mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikakataa kuwasikiliza mabinti waliolalamika, na hatimaye bunge likapitisha sheria namba 33 ya mwaka 2006 iliyompa mzaliwa wa kwanza cheo, awe wa kiume au wa kike. Uingereza haijafanya hivyo kwa vyeo vya wananchi wake, japokuwa imefanya hivyo kwa kiti cha mfalme mwaka 2013.

Jambo la pili ambalo Uhispania imelifanya halisemwi sana nje ya mipaka yake. Tangu miaka ya 1980 mahakama yake kuu imeshikilia kwamba aliyeshika cheo waziwazi na mfululizo kwa miaka 40, pamoja na waliomtangulia, hawezi tena kunyang'anywa na mdai mwenye nasaba bora. Norman Hamilton Pringle alianza kukishika cha kwake baada ya kifo cha Sir Norman mwaka 1919. Kwa hesabu ya Uhispania, mlango ulikuwa umefungwa ifikapo 1960, kabla hata Sir Steuart hajakirithi, na zaidi ya nusu karne kabla ya sampuli yake kujadiliwa London.